Saa Niliyokurudishia Mnadani

Kijiji cha Ujamaa Sepuka,
Singida.
Tarehe 15 Agosti, 1976.

Kwa rafiki yangu Kurji,
Dodoma.

Salamu hizi zikukute umekaa mahali pazuri na maji ya kunywa yako karibu, maana barua ni ndefu na mwandishi wake hajafundishwa kufupisha. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Goti la kushoto linaniuma kukiwa na baridi tu, la kulia halijaniuma tangu nizaliwe. Mke wangu Luciana ni mzima, anakusalimu na anamsalimu sana Mama Pradeep. Uwele tumevuna, mtama umekuwa wa kubahatisha. Ng'ombe wamepungua lakini waliobaki wananenepa. Na nyinyi je? Nimesikia jicho lako moja limeingia ukungu. Na kifua cha Mama Pradeep, hilo vumbi la Dodoma linamwacha apumue?

Kwanza ujue kwamba barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Sikumwita mtoto wa shule wala karani wa kijiji. Tuna kisomo cha watu wazima hapa, kila alasiri baada ya shamba, na mwalimu wetu ni binti anaitwa Febronia, mdogo kiasi kwamba mama yake ningeweza kumzaa mimi. Siku ya kwanza alitaka kunishika mkono anionyeshe herufi. Nikamwambia aniachie, mkono huu ulishika mkuki kabla bibi yake hajaolewa. Sasa katika wazee wote mimi ndiye wa kwanza. Wa pili ni jirani yangu Zefania, yule mrefu mwenye pengo, lakini Zefania akiandika ni kama kuku amepita kwenye majivu. Barua hii imenichukua siku tisa. Mtu mwingine ingemchukua mwezi.

Najua kwa macho hayo atakayekusomea ni Pradeep. Basi wewe Pradeep, mwanangu, soma polepole na usiruke mstari hata mmoja, hata ukifika mahali utakapoona haya kwa niaba yangu. Mwenye haya ni mimi na nimeweza kuandika, wewe kusoma tu kutakushinda nini?

Kijiji chetu sasa kimekuwa kijiji kweli. Shule ipo, zahanati ipo, na maji ya bomba yamefika mpaka karibu na ofisi. Mtaro wa bomba nimechimba mimi sehemu kubwa, ingawa wengine watakwambia tulichimba wote. Siku tulipohamia hapa, mwaka sabini na nne, watu walileta mizigo yao kwa safari moja ya mkokoteni. Mimi safari nne. Mgambo aliyesimamia akauliza huyu mzee anahamisha nyumba au anahamisha mji. Akahesabu miavuli mitatu, tochi mbili zisizo na betri, sanduku la bati ndani ya sanduku la bati, kioo kirefu kinachoonyesha mtu hadi miguuni, viatu vyeusi vya mjini ambavyo havijawahi kukanyaga chini. Luciana akamjibu mimi nikisikia, akasema nyumbani tuna duka, tofauti ni kwamba halijawahi kuuza kitu. Watu walicheka. Mimi nilishikilia kioo kisipasuke.

Vitu hivyo vyote, Kurji, unavijua. Vilitoka kwako.

Siku hizi tunanunua duka la kijiji. Muuzaji ni mama mmoja anaitwa Marietha, mtu mwaminifu, akikupimia sukari hata punje haianguki. Lakini hajui biashara. Nilikwenda kununua sabuni nikamwambia apunguze bei. Akasema bei ni moja, imeandikwa pale ukutani. Nikamwambia basi naondoka. Akasema haya mzee, kwaheri. Nikaondoka kweli! Nilisimama nje kwenye jua nikingoja aniite, hakuniita. Nilipochoka nikarudi ndani nikanunua kwa ile ile bei ya ukutani, na nyuma yangu akina mama waliokuwa kwenye foleni wakasema mzee huyu amepata jua bure. Dakika tatu nzima dukani na hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani.

Dukani kwako nilikuwa naingia asubuhi natoka alasiri. Nilipokuja mjini kuuza ngozi zangu, mji mzima wa Singida ulikuwa unanipita kama sipo, mtu wa shamba na harufu yake. Wewe ulikuwa unaniita toka ndani nikae kwenye benchi la barazani. Mama Pradeep akileta chai ya maziwa na tangawizi. Kisha unaniuliza habari za ng'ombe wangu, na huulizi tu ng'ombe hawajambo, unauliza yule mwekundu mwenye pembe moja amezaa? Yule wa madoa bado anapiga mateke? Ndugu zangu wa damu hawakuwajua ng'ombe wangu hivyo. Na mimi kwa kiburi changu niliona haiwezekani mwanaume kama mimi akalie benchi la mtu, anywe chai ya mtu, kisha aondoke mikono mitupu kama mwombaji. Wewe hukuniambia ninunue. Hata siku moja hukuniambia. Lakini nilikuwa nikisimama kuaga, nainua macho kwenye rafu, naonyesha kidole. Tunabishana bei mpaka wapita njia wanasimama. Naondoka na mwavuli. Wewe ulifikiri mimi napenda vitu. Na mimi nikafikiri hivyo hivyo, miaka yote ishirini na mitano.

Sasa nisikilize vizuri.

Mwezi wa sita nilikwenda mjini. Nikapita pale dukani kwako nikamkuta Pradeep anapakia masanduku ya mwisho kwenye gari. Alinipa shikamoo yake vizuri kama mlivyomlea, akaacha kazi, tukakaa. Nikamwuliza baba anaendeleaje kwenye duka jipya Dodoma. Akainama kukaza kamba ya sanduku. Nikamwuliza tena. Akasema Baba hakai dukani. Baba anakaa uani na Mama, anachambua mchele na dengu, na mteja akiingia hata sauti yake haisikiki. Yeye Pradeep amekuomba ukae mbele, usalimie watu tu, usiuze kitu, umekataa. Nikamwuliza kwa sababu gani. Hakutaka kusema, nikamshikilia, unanijua nikishikilia. Ndipo akasema kwamba umewaambia mtu ambaye rafiki yake wa miaka ishirini na mitano amemwita mwongo mbele ya mnada mzima, mtu huyo akae mbele ya kaunta amwambie nini mgeni?

Nikainuka pale pale. Nilimwambia nimechelewa gari, na gari lilikuwa bado saa mbili kuondoka.

Nitalieleza jambo lenyewe tangu mwanzo. Ulikuwepo, lakini ulikuwa upande wako wa turubai la bidhaa. Nataka ulione toka upande wangu.

Saa ile ya ukutani niliinunua mwaka sabini na tatu. Ya mbao, yenye kengele, na kile kisahani cha shaba kinachoyumba huku na huku. Ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kununua kwako, na siku ile tulibishana bei mpaka Mama Pradeep akaleta chai mara ya tatu. Ulinionyesha jinsi ya kuikaza kwa ufunguo wake. Ukaniambia kila kiangazi nitie tone moja la mafuta ya cherehani kwenye magurudumu yake yenye meno, tone moja tu, rafiki. Ukanipa na kichupa. Nikakwambia sihitaji kufundishwa.

Tulipohamia kijijini saa hiyo ikawa saa ya kijiji kizima. Ofisi haikuwa na saa, shule haikuwa na saa. Mwalimu mkuu alikuwa anatuma watoto kwangu kuuliza wakati. Mimi wakati huo nilikuwa siwezi kuisoma, na hilo hulijui, hakuna aliyelijua isipokuwa Luciana. Nilikuwa natazama jua kwanza, kisha naingia ndani, nakohoa mbele ya saa, natoka kutangaza. Mara nyingi nilipatia.

Mwezi wa saba mwaka jana tukaambiwa wageni wa mkoa watakuja kutazama kijiji chetu na kisomo chetu. Nikasimama mkutanoni nikasema wageni hao lazima wapite kwangu waone saa, waone kwamba watu wa Sepuka hawaishi kwa kukisia. Mwenyekiti akakubali. Wakaja saa mbili asubuhi, baridi kali, watu wanane na viatu vyao. Nikawaingiza ndani. Saa ilikuwa imesimama. Ilisema saa tisa, na kisahani kimetulia kama kimesinzia. Mgeni mmoja mwenye miwani akatazama saa yake ya mkononi akasema kwa upole, Mzee, kwako bado ni usiku. Wakacheka kistaarabu. Zefania, aliyekuwa amebanana nao mlangoni, hakucheka kistaarabu. Alisema saa ya Mughwai imefariki, twende tukachimbe kaburi. Kijiji kizima kikayachukua maneno hayo. Nikipita kisimani akina mama wananiuliza matanga yanaisha lini.

Siku nne baadaye ulikuwa mnada wetu, na wewe ulikuja kama kila mwezi ukatandaza turubai lako. Nikaja na saa nimeibeba kifuani. Nikaiweka mbele yako na nikasema kwa sauti ambayo waliokuwa wananunua mbuzi waliisikia. Nilisema umeniuzia kitu kibovu ukijua ni kibovu. Nilisema miaka yote hiyo nimekulisha mimi na malipo yake ndiyo haya. Zefania akalisema lile neno, mnyonyaji, na wengine wakalipokea kwa mdomo mmoja. Wewe ulikuwa umechuchumaa. Ukaifungua saa kwa bisibisi yako ndogo, ukatazama ndani, ukaifunga. Ukasimama ukasema mbele ya watu wote kwamba huenda saa ni mbaya kweli, na kwamba utaniletea nyingine. Ukaileta mnada uliofuata, mpya. Lakini mnada huo hakuna aliyekaribia turubai lako. Na uliofuata hivyo hivyo. Wa tatu hukuja. Kabla ya Krismasi nikasikia mmefunga na duka la mjini.

Sasa, Pradeep, hapa ndipo nilipokuambia usiruke.

Saa haikuwa mbovu, Kurji. Nilitia samli.

Kile kichupa chako cha mafuta ya cherehani nilikidharau tangu siku ulipokitoa. Kwetu bibi harusi hupakwa samli, mgeni wa heshima hupakwa samli, na mimi nilikuwa na kibuyu cha samli ya ng'ombe wangu mwenyewe. Nikasema moyoni, kitu cha thamani hivi kipakwe mafuta ya kushonea suruali? Kwa ajili ya wageni nikaifungua na kuipaka ndani, siyo tone, nilipaka kwa vidole, kila jino la kila gurudumu, mpaka ikang'aa. Ikatembea siku mbili vizuri. Kisha ikaja baridi. Wewe unaijua baridi yetu ya mwezi wa saba. Samli ikaganda.

Na nililijua hilo kabla ya mnada. Wageni walipoondoka, jua lilipopanda likapiga ule ukuta, saa ikaanza kutembea yenyewe, tik, tik, na jioni ikasimama. Kesho yake hivyo hivyo. Nilipoifungua nikaona samli imeganda nyeupe kati ya meno. Ningeweza kusema. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimeshacheka, na kusema kungekuwa kuwapa kicheko cha pili kikubwa kuliko cha kwanza. Nikachukua kitambaa nikaifuta ndani, nikaifuta tena, nikaileta kwako.

Hilo bado siyo baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni kwamba nilikuona. Ulipoifungua pale chini, ulipitisha kidole kwenye gurudumu la nyuma, pale ambapo kitambaa changu hakikufika. Ukakileta kidole puani. Ukanitazama. Wewe mtu uliyenunua samli yangu tangu Pradeep hajazaliwa, ungekosaje kuijua harufu yake? Ungeinua kidole hicho tu, ukasema nusieni hiki, na mnada wote ungenigeukia mimi. Ukakifuta kidole kwenye shuka lako ukasema huenda saa ni mbaya. Ukanitunzia uso wangu ukaacha wakuchafue wako. Na mimi nikasimama pale nikakuacha ufanye hivyo. Nikaenda nyumbani nikawaambia watu, mmeona? Amekiri mwenyewe.

Hiyo ndiyo habari. Imechukua siku nne kati ya zile tisa kuandika ukurasa huu mmoja.

Baada ya kuonana na Pradeep nilikaa wiki tatu bila kupenda chakula, Luciana akafikiri ni tumbo. Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa kijiji, watu wote, kama siku ya mnada. Nikangoja mwenyekiti afike kwenye mengineyo, nikaomba nafasi. Nilikuwa nimeileta ile saa mpya, nikaiweka mezani, wakaanza kuguna kwamba mzee ametuletea majigambo tena. Nikawaambia kama nilivyokuambia wewe, samli, kitambaa, kidole. Sikupunguza. Nilipomaliza hakukuwa na kicheko nilichokuwa nakiogopa mwaka mzima. Waliitazama tu ile saa mezani, hata Zefania, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Ndipo Luciana akasimama upande wa akina mama. Akasema yeye alijua tangu siku ile ile. Akauliza watu, kwani kile kitambaa nani alikifua? Alikuwa anangoja aone mume wake atachukua muda gani, na kwa mtu mbishi hivi mwaka mmoja siyo mbaya, alikuwa amekadiria minne. Hapo wakacheka, na mimi nikacheka nao, ingawa macho yalikuwa yamelowa. Zefania naye akainuka. Akasema Mughwai alisema uwongo lakini neno mnyonyaji lilitoka kinywani mwake yeye, na hakuna aliyemlazimisha. Akaomba aandikwe. Wengine wakaomba waandikwe. Nyuma ya karatasi hii utakuta majina kumi na saba ya watu waliokuwepo mnadani, waliosoma kisomo wameandika, ambao hawajafika huko wameweka dole gumba. Pradeep akusomee moja moja. La Zefania ni lile lisilosomeka.

Sikuombi urudi Singida, wala sijui kama njia hiyo bado ipo. Wala sikuombi unisamehe kwa barua, hiyo ingekuwa rahisi mno kwangu. Mimi nakuja. Tukishauza karanga, mwezi ujao wiki ya mwisho, nitapanda basi la Dodoma. Nitakuja kununua blanketi. Safari hii ni kitu ninachokihitaji kweli. La Luciana limetobokatoboka katikati, analikunja mara mbili ili matundu yasikutane. Miaka yote hiyo nimeijaza nyumba miavuli na sikuwahi kuona analala chini ya nini.

Blanketi hilo nataka uniuzie wewe, kwa mkono wako, ukiwa umekaa mbele. Nikikukuta mbele ya kaunta nitajua umenisikia. Nikikuta bado uko uani, usidhani nitanunua kwa Pradeep nikaondoka. Nitapita ndani, nitamsalimu Mama Pradeep, nitavuta ungo, nitakaa chini karibu yako nichambue mchele. Nitachambua siku hiyo, na kesho yake, na wiki ijayo. Sina haraka, nyumbani nimeshaaga. Wateja wataingia wataondoka na sisi tutakuwa pale pale uani, mpaka wewe mwenyewe uchoke kuniona unyanyuke uende mbele. Unanijua, Kurji. Kati yetu wawili, mbishi ni mimi.

Mpe Mama Pradeep salamu zangu zote, umwambie ile chai yake hakuna aliyeiweza hapa kwetu. Wewe Pradeep nakushukuru kwa kusoma, Mungu akutunze. Luciana anasema mlinde macho na vumbi. Mwalimu Febronia alitaka kunisahihishia barua, nimemkatalia, kwa hiyo makosa yote utakayoyakuta humu ni ya kwangu.

Ni mimi rafiki yako,
Mathayo Mughwai
(nimeandika mwenyewe)